Doki iliyonikesheza: kifaa kizuri mchana, balaa wakati wa kuzima

Kila hakiki ya doki, yaani kiboksi cha kuunganishia kompyuta mpakato na skrini na vifaa vingine, niliyoisoma kabla sijanunua hii ilisifu asubuhi tu: unachomeka waya mmoja, skrini mbili zinawaka, kibodi inaitika, chaji inaingia. Hakuna aliyeandika habari za usiku, pale kazi inapokwisha na mtu anataka kuzima mashine akalale. Nimekaa na doki hii wiki sita. Asubuhi zake nazipa nyota tano bila kinyongo. Usiku wake ndio ulionifanya niandike, na ndio nitakaouzungumzia zaidi.

Kazi yangu ni kuhariri vitabu na kupanga kurasa. Nina kompyuta mpakato ya Windows 11, nyembamba, yenye matundu mawili ya USB-C na basi. Skrini moja naweka mswada, ya pili naweka kurasa, na ile ya kompyuta yenyewe inabaki kwa barua pepe na kamusi. Doki ni kiboksi cha ukubwa wa kiganja kinachokaa katikati ya hayo yote: upande mmoja kuna waya wa kwenda kwenye kompyuta, upande wa pili matundu mawili ya HDMI, manne ya USB, la waya wa mtandao na la spika za masikioni. Jina la kampuni siliandiki. Chipu ya mtandao iliyomo ndani, ambayo ndiyo mshtakiwa wa kesi hii, imo pia kwenye doki za majina mengine chungu nzima, kwa hiyo ukikwepa jina moja utaikuta kwenye jingine.

Sifa zake nizimalize upesi. Ni nzito kidogo, haivutwi na nyaya mpaka ukingoni mwa meza. Haipati moto wa kutisha. Skrini zangu mbili hazijawahi kuchezacheza wala kupotea katikati ya kazi, jambo ambalo habu yangu ya zamani, kigawanya matundu cha kawaida, ilinifanyia kila wiki. Mtandao wa waya ni wa haraka na haukatiki. Taa yake ndogo ya buluu inakera gizani, nimeibandika kipande cha karatasi. Hayo ndiyo mambo ambayo kila mtu huandika, na yote ni kweli.

Sasa usiku.

Siku ya tatu nilimaliza kazi saa tano kasoro, nikabonyeza pa kuzima, nikaona skrini zote zinaingia giza, nikafunga kifuniko nikaondoka. Asubuhi nilipofungua nilikuta ukurasa wa kuomba nenosiri ukinisubiri, feni inanguruma, chuma cha chini kina joto kama kimelaliwa na paka. Nilimgeukia mtoto wa kaka yangu, anayekaa kwangu, nikamuuliza kama aliitumia usiku. "Shangazi, mimi hata nenosiri lako silijui," akaniambia. Kweli, halijui. Nikajiambia labda sikubonyeza vizuri.

Usiku uliofuata nilisimama nikaitazama. Nilibonyeza pa kuzima, maneno ya kuzima yakazunguka, skrini zikawa nyeusi. Lakini feni haikunyamaza. Taa ya kitufe haikuzima. Nikahesabu dakika tatu, mashine imesimama tu, si hai si maiti. Kijana akapita nyuma yangu: "Likandamize lile kitufe mpaka life, shangazi, usihangaike." Nikalikandamiza. Ikazima.

Hapo niseme neno juu ya kitufe hicho, kwa sababu wengi wetu tumekua tukidhani ni swichi. Kilikuwa swichi kweli zamani. Kompyuta yangu ya kwanza, ya enzi za Windows 95, ilikuwa ikimaliza shughuli zake kisha inaandika kwenye skrini kwamba sasa ni salama kuizima, na wewe ndiye unanyoosha mkono na kukata umeme. Muundo wa ATX, wa ubao mkuu na umeme wake, ulipokuja mwaka 1995, na kanuni za ACPI, zinazoukabidhi mfumo wa kompyuta usimamizi wa umeme, mwaka uliofuata, kitufe kikawa ombi tu. Ukikigusa, unaiambia Windows "tafadhali", nayo ndiyo inayoamua. Ukikishikilia zaidi ya sekunde nne, umeme unakatwa hata kama Windows iko katikati ya kuandika kitu kwenye diski. Diski za siku hizi zina mfumo wa faili unaojiandikia shajara, kwa hiyo mara nyingi zinasalimika. Lakini mimi nina diski ya nje imechomekwa kwenye hiyohiyo doki, ndani yake kuna miswada ya watu, na sikuwa tayari kucheza kamari hiyo kila usiku.

Kosa langu la kwanza lilinila jioni mbili, nalieleza ili lisikule na wewe. Kwa vile asubuhi ile niliikuta imewaka, niliamua kwamba kompyuta ilizima vizuri halafu kitu kikaiamsha. Nikashuku waya wa mtandao, maana kadi za mtandao zina uwezo wa kuamsha mashine kwa ujumbe maalumu unaopita kwenye waya. Nikafungua dirisha la amri kama msimamizi, nikaandika powercfg /devicequery wake_armed, nikapewa orodha ya vifaa vyenye ruhusa ya kuamsha: kibodi, kipanya, na kadi ya mtandao ya doki. Nikavinyang'anya ruhusa vyote vitatu kupitia devmgmt.msc, dirisha la Windows la kusimamia vifaa. Nikaandika powercfg /lastwake, ikanijibu habari ya siku nyingine kabisa. Baadaye ndipo nilipong'amua kwamba amri hizo zinahusu usingizi, mashine iliyolazwa na kuamshwa. Yangu haikuwa imelala wala kuzimika. Kabla ya kugusa mpangilio wowote nilipaswa kujiuliza kwanza: mashine hii ilizima ikaamka, au haikuzima kabisa? Ni maradhi mawili tofauti, na dawa ya moja haigusi lingine.

Jibu lilikuwepo siku zote kwenye daftari la matukio. Naandika amri zenyewe na si majina ya menyu, kwa sababu menyu hubadilishwa jina kila toleo na kila lugha. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr.msc, fungua kumbukumbu za Windows, kisha kumbukumbu za mfumo. Utakutana na maelfu ya mistari, mingi ya rangi nyekundu na njano, usishtuke, ndivyo daftari hilo lilivyo hata kwenye kompyuta yenye afya. Chuja kwa nambari. Mimi nilichuja hizi: 1074, 6006, 6008, 41 na 1001.

Nambari 1074 inasema ni nani aliyeomba mashine izimwe. Yangu ilikuwepo, saa 22:51, kwa jina langu, kwa hiyo ombi langu lilipokelewa na sikukosea kubonyeza. Nambari 6006 ni ya kuaga, daftari linapofungwa kistaarabu. Haikuwepo. Badala yake kulikuwa na 41 na 6008, zote mbili za aina ya "nimeamka nikagundua sikuzimwa vizuri". Na chini yake 1001, iliyoniambia kwamba mashine ilianguka kwa skrini ya buluu, ile ambayo Windows huionyesha inaposhindwa kabisa kuendelea, na kujiwasha yenyewe, kwa kosa namba 0x0000009F. Ndani ya maelezo ya 41 kosa hilo limeandikwa 159, ambalo ni lilelile 9F, la hesabu ya kumi na sita, likiandikwa kwa hesabu yetu ya kawaida ya kumi. Usidhani ni makosa mawili.

Kwa hiyo kisa cha asubuhi ile kilikuwa hivi: niliomba izime, ikaganda, ikakaa imeganda mpaka Windows yenyewe ikachoka kusubiri, ikaangusha skrini ya buluu mbele ya kifuniko kilichofungwa, ikajiwasha upya, ikaniwekea ukurasa wa nenosiri. Hakuna aliyeiamsha. Usiku wa pili nilikuwa nimeikata pumzi kabla haijafika huko, ndiyo maana kwenye 41 ya siku ile kosa lilikuwa sifuri, na sehemu iitwayo PowerButtonTimestamp ilikuwa na nambari ndefu. Nambari hiyo ikiwa si sifuri, maana yake kuna mtu alikandamiza kitufe. Hata alama ya kidole changu waliiandika.

Kosa 9F ndilo lililoniondoa gizani, ingawa jina lake halivutii: draiva, yaani programu ndogo inayokiendesha kifaa fulani, imeshindwa kubadilisha hali ya umeme. Nieleze kidogo. Unapoomba kuzima, mambo hufuatana. Kwanza programu zinaombwa zifunge, na kama kuna iliyoshika faili ambalo hujahifadhi, utaona jina lake kwenye skrini ikikuzuia. Huyo ni mzuizi mwaminifu, anajitaja. Halafu huduma za ndani, yaani programu zinazofanya kazi nyuma ya pazia, zinasimamishwa, kila moja ikipewa muda wake wa kumaliza. Hapo ndipo maneno ya kuzima huzunguka. Halafu kila draiva inaambiwa iondoe umeme kwenye kifaa chake na ijibu kwamba imemaliza. Mwisho kabisa mashine inakabidhiwa kwa programu ya ubao, iende hali iitwayo S5, umeme ukatwe. Skrini huwa zimekwisha kuzima kwenye hatua ya tatu, kwa hiyo anayekwama hapo anakwama gizani, bila jina, na feni inaendelea kuzunguka. Ukiona giza na feni, acha kulaumu programu zako. Tafuta kifaa.

Nilitaka bado kuhakikisha kwamba si huduma fulani. Kuna mpangilio mmoja kwenye rejista, ghala la mipangilio ya Windows, ambao ningependa ungekuwa umewashwa kwa kila mtu: chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System unaongeza thamani ya DWORD (aina ya nambari) iitwayo VerboseStatus, unaipa 1. Kuanzia hapo, badala ya maneno matupu ya kuzima, Windows inakutajia kila inachokifanya. Niliketi nikaisoma kama mtu asomaye majina msibani: huduma hii imesimamishwa, na hii, na hii. Yote yakapita kwa sekunde chache, giza likaingia, feni ikabaki. Basi huduma hazina hatia.

Kabla sijaanza kuchomoa vitu, kuna jambo jingine lilinistaajabisha. Nilifungua msimamizi wa kazi kwa Ctrl, Shift na Esc pamoja, nikaenda kwenye utendaji wa CPU, nikaona muda ambao mashine imekuwa hai. Ilisema saa chache, tangu ilipoanguka. Lakini kompyuta yangu ya zamani, ambayo naitumia kama ghala tu na naizima kila jioni bila shida yoyote, ilisema siku 19. Siku kumi na tisa! Na mimi naizima kila siku kwa mikono yangu.

Siyo hitilafu. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuna kitu kinachoitwa uwashaji wa haraka, na kwenye mashine nyingi kimewashwa tangu kiwandani. Ukibonyeza pa kuzima, Windows inakutoa wewe na programu zako, lakini kiini chake hakizimwi. Kinaandikwa kwenye faili liitwalo hiberfil.sys na kurudishwa kesho yake kama kilivyokuwa, pamoja na draiva na uchafu wake wote. Kuwasha upya ndiko kunakosafisha kila kitu. Yaani mtu anayezima kila usiku anaweza kuwa hajazima kwa mwezi mzima, na anayebonyeza kuwasha upya ndiye aliyezima kweli. Nimehariri vitabu vyenye visa visivyoaminika kuliko hicho, lakini si vingi.

Hili lilieleza kwa nini kwangu kuwasha upya hakukuwahi kuganda hata mara moja, wakati kuzima kuliganda karibu kila usiku. Kama unataka kujaribu bila kubadilisha mpangilio wowote, shikilia Shift unapobonyeza pa kuzima, au andika shutdown /s /t 0 kwenye dirisha la amri. Vyote viwili vinazima kikamilifu. Ukitaka kuondokana na mambo hayo moja kwa moja, powercfg /h off inaondoa uwashaji wa haraka, inaondoa pia ule usingizi mzito wa kuhifadhi kazi kwenye diski, na inakurudishia gigabaiti kadhaa za lile faili. Watu wengi wanaishia hapo, wanasema amri hiyo ndiyo dawa. Kwangu ilipunguza tu. Badala ya kuganda kila usiku, ikawa inaganda usiku mmoja kati ya mitatu hivi. Na hilo ni baya zaidi kwa anayetafuta ugonjwa, kwa sababu ukizima mara mbili ikakubali, unadhani umepona.

Ndipo nikaanza kuchomoa, na hapa nilijiwekea sheria: kila jaribio mara kumi, na naandika. Daftari la karatasi, kalamu, mistari. Doki nje kabisa, kompyuta peke yake: mara kumi, zote zilizima ndani ya sekunde nane au tisa. Doki ndani bila kitu chochote kilichochomekwa zaidi ya waya wa kompyuta: iliganda mara nne. Hapo diski ya nje, kibodi, skrini na spika vikatoka kwenye orodha ya washukiwa kwa mpigo mmoja, na nikaomba radhi kimoyomoyo kwa diski yangu niliyokuwa nimeishuku sana. Doki ndani, lakini kadi yake ya mtandao nimeizima kwenye devmgmt.msc: mara kumi, zote safi. Nikairudisha: ya tatu ikaganda.

Nilikuwa nimempata, lakini bado sikujua kama kosa ni la chipu yenyewe au la draiva inayoiendesha, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama doki inarudi dukani au inabaki mezani. Nikawasha kompyuta kwa Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, kutoka kwenye kidude cha USB, bila kusakinisha chochote, doki ikiwa imechomekwa na mtandao wa waya ukifanya kazi. Nikazima kutoka humo. Mara kumi, zote safi. Chuma hakina kosa. (Ukijaribu hili wakati uwashaji wa haraka wa Windows bado uko hai, usiandike kitu chochote kwenye diski ya Windows ukiwa ndani ya Linux. Kwa Windows, diski hiyo bado iko wazi, imelala tu, na ukiihamishia vitu ikiwa usingizini itaamka imechanganyikiwa.)

Draiva nayo niliipata wapi? Nilijiwekea mwenyewe. Doki ilikuja na karatasi yenye maelekezo ya kupakua kifurushi cha kampuni, nami kama mtu mtiifu nikakipakua na kukisakinisha siku ya kwanza, ingawa mtandao ulikuwa tayari unafanya kazi bila hicho. Kifurushi kilikuwa na draiva yenye tarehe ya miaka mitano nyuma. Windows ilikuwa na yake, mpya zaidi, nami nikaifukuza kwa mikono yangu.

Nilijaribu kwanza njia ya upole. Kwenye sifa za kadi hiyo, sehemu ya umeme, kuna kisanduku kinachoruhusu kompyuta kuzima kifaa ili kuokoa umeme. Nikaondoa alama. Ikasaidia kidogo, mara moja kati ya kumi ikaganda, na mimi sikutaka kidogo. Nikaenda kwenye mzizi: pnputil /enum-drivers inaorodhesha draiva zote zilizoongezwa, kila moja na jina kama oem37.inf, pamoja na mtengenezaji na tarehe. Nikaitafuta ya kwangu, nikaandika pnputil /delete-driver oem37.inf /uninstall, nikawasha upya. Yako itakuwa na nambari nyingine, usinakili yangu kama ilivyo. Windows ikaitambua kadi upya kwa draiva yake yenyewe, mtandao ukarudi kwa kasi ileile. Onyo moja tu: kuondoa kifaa kwenye devmgmt.msc bila kufuta draiva yake hakutoshi, kwa sababu ukichomeka tena, Windows inamchukua yuleyule kutoka ghalani na kumrudisha kazini. Mimi nilifanya hivyo mara ya kwanza nikajishangilia kwa dakika ishirini.

Kati ya hayo yote niliwaandikia wahudumu wa kampuni ya doki, na huduma ni sehemu ya bidhaa, kwa hiyo naipima pia. Jibu la kwanza lilikuja siku ya nne: nisakinishe Windows upya. Nilikuwa nimewatumia nambari 9F, mpangilio wa majaribio yangu na tarehe ya draiva. Ushauri wa kusakinisha upya kwa mtu aliyekueleza kifaa kinachokosea ni sawa na kumwambia mwenye mwiba mguuni ahame nyumba. Ungefanya kazi, nadhani, kwa siku moja, mpaka nisome tena ile karatasi yao na kupakua tena kifurushi chao. Niliwajibu kwa adabu. Jibu la pili lilitoka kwa mtu mwingine, lilikuja kesho yake, fupi, likisema kifurushi kimepitwa na wakati na nitumie draiva ya Windows. Huyo ningemwajiri. Lakini kufikia hapo nilikuwa nimekwishamaliza, na kifurushi cha zamani bado kiko palepale kwenye karatasi inayokuja ndani ya boksi.

Nitaje na mambo machache ambayo kwangu hayakuwa tatizo lakini kwako yanaweza kuwa. Kama yako haigandi bali inachukua dakika nyingi ndipo izime, fungua daftari la matukio tena, uende kwenye kumbukumbu za programu na huduma, Microsoft, Windows, Diagnostics-Performance. Nambari zinazoanzia 200 ni za kuzima, na hutaja aliyechelewesha kwa jina. Kama inazima halafu inajiwasha papo hapo, tafuta 1001 kabla hujashuku kitu kingine, kwa sababu Windows imepangwa kujiwasha yenyewe baada ya kuanguka, na mpangilio huo unaficha skrini ya buluu isisomeke. Uondoe kupitia sysdm.cpl, sehemu ya juu zaidi, uanzishaji na urejeshaji. Na kama mtu amewahi kukushauri uwashe ule mpangilio wa kufuta faili la kurasa za kumbukumbu, ambalo Windows hulitumia kuongezea kumbukumbu kwenye diski, kila unapozima, kwa ajili ya usalama, jua kwamba umekubali kusubiri kila usiku, na hilo si hitilafu ya mtu. Mbinu za kupunguza muda ambao huduma zinapewa kabla ya kuuawa sizipendi. Zinaondoa dalili, na siku huduma iliyokuwa inaandika kitu cha maana inapokatwa katikati, hutajua.

Je, tatizo hili ni la doki hii tu? Hata kidogo. Kompyuta kukataa kuzima ni jambo la kale. Windows 98 Second Edition ilisumbua watu kwa hili mpaka Microsoft ikatoa kiraka maalumu cha kuzima tu, hakina kazi nyingine. Ninachokilaumu kwenye doki ni kidogo na ni rahisi kurekebisha: karatasi moja ndani ya boksi inayomwambia mnunuzi asakinishe kitu asichokihitaji. Ingeondolewa hiyo, nisingekuwa na la kuandika zaidi ya ile taa ya buluu.

Nyota nne kwa chuma. Mbili kwa huduma, moja ya yule wa pili na nyingine kwa sababu walijibu. Kwa kifurushi cha draiva sitoi hata moja. Ukiinunua, au ukinunua yoyote inayofanana nayo, ichomeke, ngoja Windows iitambue yenyewe, jaribu mtandao, na karatasi iache ndani ya boksi. Halafu siku hiyohiyo, wakati muda wa kurudisha bidhaa bado uko mkononi, izime mara kumi. Ukae uitazame mpaka feni inyamaze, mara zote kumi. Itakula kama nusu saa.

Nimeirejesha powercfg /h on, kwa sababu usingizi mzito naupenda ninaposafiri na kazi ikiwa wazi, na uwashaji wa haraka pia nimeuacha, nione kama ungeleta ukorofi tena. Daftari la karatasi bado liko kando ya kibodi. Lina mistari ishirini na sita ya "safi" mfululizo, na kijana amechora kikaragosi cha kompyuta iliyolala pembeni mwa mstari wa ishirini. Jana nilibonyeza pa kuzima saa nne na dakika hamsini usiku, na kabla sijamaliza kukunja miwani, taa ya kitufe ilikuwa imezima.